Niliomba kuona picha za wateja, programu ya barua pepe ikawatumia mialiko ya urafiki kwa jina langu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Programu ya barua pepe tunayoitumia katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam ilisasishwa hivi karibuni, na tangu hapo ikawa inaleta dirisha la kumtaka mtumiaji aunganishe akaunti zake za mitandao ya kijamii ili aone picha na cheo cha kila anayemwandikia. Nilikubali, kwa kuwa anayeshughulikia mizigo ya watu wengi hunufaika akijua anawasiliana na nani. Dirisha hilo halikusema popote kwamba kitabu changu chote cha anwani kingepelekwa kwenye mtandao wa kijamii, wala kwamba kila aliyemo angepokea mwaliko wa urafiki wenye jina na picha yangu.

Waundaji wa programu hizi wanajua fika kwamba kitabu cha anwani si orodha ya marafiki, kwani ni wao wenyewe walioifanya programu ihifadhi anwani ya kila mtu unayemjibu, hata kama ulimjibu mara moja tu kumwambia amekosea ofisi. Katika kitabu changu wamo maafisa wanaokagua nyaraka zetu, yumo wakili wa kampuni tunayoshtakiana nayo, na yumo mteja aliyekwisha kufariki, ambaye barua zake sasa husomwa na mjane wake. Mama huyo alinipigia simu kuniuliza nataka urafiki gani na marehemu mumewe. Nilikosa la kumjibu, na sidhani kama aliyebuni kitufe kile angekuwa nalo.

Wale walionyamaza wakafuatiwa na vikumbusho, tena kwa jina langu lile lile. Jambo hili si geni. Huko Marekani watumiaji waliishtaki LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa sababu hiyo hiyo, na jaji aliona kwamba mtu anaweza kuwa ameridhia mwaliko wa kwanza bila kuridhia vikumbusho vinavyofuata. Mwaka 2015 kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 13 kuimaliza kesi. Kabla ya hapo, Februari 2010, Google ilikuwa imeingiza Buzz, huduma yake ya mtandao wa kijamii, ndani ya Gmail na kuwachagulia watu wa kufuatana kwa kuangalia wanaoandikiana sana, na kelele zilizozuka ziliishia kwenye makubaliano na serikali yanayoitaka ikaguliwe kuhusu faragha kwa miaka 20. Facebook nayo ilikiri mwaka 2019 kwamba ilikuwa imechukua anwani kutoka barua pepe za watumiaji wapya wapatao milioni 1.5 bila ridhaa yao, ikadai haikukusudia. Kwa hiyo anayeniambia leo kwamba hii ni hitilafu ndogo ya kiufundi asinifanye mtoto.

Hasara yangu kubwa, hata hivyo, haimo katika mialiko. Wateja wetu wawili wanaoagiza bidhaa za aina moja na kushindania soko moja wamependekezwa na mtandao huo kwamba huenda wanafahamiana, huku mtu pekee anayewaunganisha akiwa mimi. Kila mmoja ametambua kwamba mshindani wake anapitisha mizigo kwetu, siri ambayo wakala yeyote mwenye akili huilinda kuliko hata bei zake. Mmoja wao ameshaomba nyaraka zake zote.

Huduma kwa wateja ya kampuni husika ilinijibu kwamba nilikubali masharti, kisha ikanishauri niiondoe programu kwenye kompyuta. Ushauri huo ni wa hovyo. Ruhusa uliyoitoa hukaa kwenye akaunti yako, si kwenye kompyuta, na huendelea kufanya kazi hadi uingie kwenye mipangilio ya akaunti yenyewe na kuifuta. Na hata ukiifuta, anwani zilizokwisha kupakiwa zinabaki kwenye seva zao mpaka uombe zifutwe kwa hatua nyingine kabisa, ambayo niliichimbua mwenyewe bila msaada wao.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume yake. Hata kama mimi ningekuwa nimeridhia, yule mjane na wale wateja hawakuulizwa na mtu yeyote, ilhali taarifa zilizochukuliwa ni zao. Nimeitaka kampuni kwa maandishi inipe orodha ya wote waliotumiwa mwaliko, isimamishe vikumbusho, na iwaandikie yenyewe kueleza kwamba si mimi niliyewaalika. Hadi sasa nimepata namba ya tiketi tu.

Mwenye uzoefu wa kupeleka lalamiko la namna hii kwenye Tume naomba anieleze ni vielelezo gani vilivyotakiwa, hasa kama nakala za mialiko walizozipokea wateja zinatosha au ni lazima wao wenyewe walalamike.