"Gari inauzwa kama ilivyo": karatasi hiyo inamsafisha muuzaji?

Mwana wa Mwembeladu

Assalaam alaykum jamaa. Naileta hoja hii tuigombanie kwa adabu.

Mdogo wangu kanunua gari ndogo ya kutoka Japani kwenye yadi moja hapa mjini Unguja, milioni 13 na nusu, taslimu. Dashibodi ikisoma kilomita 78,000. Siku ya 19, anarudi Fuoni, gia hazishiki. Fundi kasema giaboksi imeshawahi kufunguliwa. Tukaitafuta karatasi ya mnada kwa namba ya chesisi, unalipa kidogo tu unaipata: siku ilipopigwa mnada kule ilikuwa na kilomita 163,000.

Kurudi yadi, mwenyewe katoa mkataba, kaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Gari inauzwa kama ilivyo, hakuna madai baada ya makabidhiano." Mdogo wangu ameusaini.

Mimi nasema mstari ule haumsafishi. Wengi wetu hapa ni Mashafii. Aibu, yaani kasoro ya kitu, iliyokuwemo kabla ya kununua, nawe hukuijua, inakupa khiyari ya kurudisha. Na muuzaji akisharitisha kuwa hana dhima ya aibu yoyote, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba sharti hilo linamfaa kwa mnyama tu, tena kwa aibu ya ndani ambayo mwenyewe hakuijua. Ng'ombe anaweza kula vizuri huku ana maradhi tumboni. Gari si ng'ombe. Na kilomita hazirudi nyuma zenyewe.

Muuza magari

Yadi hiyo si yangu, lakini nitukaneni tu. Gari nainunua kwa picha, naikuta bandarini Malindi, hata mimi sijaiendesha. Mteja anakuja na fundi wake, anapiga raundi mpaka Mazizini, anapunguziwa milioni nzima kwa kuwa "ni mtumba". Kalipa bei ya mtumba, anataka upya? Sheria ya mauzo tuliyorithi kwa Mwingereza nayo inasema ukishakagua, kasoro ambayo ukaguzi ule ulitakiwa uione ni mzigo wako. Kilomita sitetei. Huo ni wizi.

Fundi spana

Raundi ya Mazizini ndiyo inayowaponza watu. Giaboksi ya otomatiki iliyochoka mara nyingi huonyesha ubaya wake ikishapata moto, nusu saa barabarani. Injini ni kinyume chake: mnunuzi afike asubuhi bila kupiga simu, aguse boneti. Akiikuta ya moto ajiulize nani kaiwasha, na kwa nini. Na mafundi wenzangu wanaopewa "soda" na yadi tunawajua, tusifichane.

Mama Chukwani

Mwanangu, fiqhi umesema vizuri, ila Kadhi kwetu husikiliza ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Gari haimo. Nendeni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, hii ya Zanzibar ya sheria ya 2018, si ile ya Bara. Chukueni mkataba, risiti na hiyo karatasi ya mnada. Hiyo ndiyo kesi yenu. Giaboksi mtabishana mpaka mchoke.

Mpemba wa Wete

Sheikh, umeisoma nusu ya mlango wa kitabu. Madhehebu hayo hayo yanasema kurudisha ni papo hapo. Ukishaijua aibu ukaendelea kukitumia kitu, khiyari imeondoka. Basi tuambie, baada ya fundi kusema, gari ililala? Sisi huku tukinunua Unguja, kuirudisha ni kuipakia tena melini, na nauli hiyo hakuna anayeitaja.

Mwana wa Mwembeladu

Umenishika, ndugu yangu. Iliendeshwa siku mbili zaidi, tulikuwa na harusi Makunduchi. Bi mkubwa, shukrani, kesho tunakwenda Tume. Lakini Mpemba nawe nijibu: hizo siku mbili ndizo zilizokula kilomita 85,000?