Naomba ushauri: nataka kuwapeleka ndugu zetu walemavu kuwinda, Wisconsin

MtotoWaFizi:
Habarini wote, wazee shikamooni. Niko Wisconsin, Marekani, huku tuko Wakongo wengi tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, na kwenye jumuiya yetu kuna watu wanne wenye ulemavu. Mmoja ni kaka yangu mkubwa, alikatwa mguu na ule mwingine hauna nguvu, anatumia kiti cha magurudumu. Kabla ya vita kaka alikuwa mwindaji kabisa kule milimani Fizi, Kongo, mitego, mbwa, kila kitu, akianza habari za mbawala mtalala saa nane usiku. Sasa huku anashinda ndani na simu tu.

Kiangazi kilichopita kuna kikundi kilitupeleka ziwani kuvua samaki, kufika tunakuta gati ina ngazi, basi wao wakabaki kwenye gari vioo vimeshushwa wanatuangalia sisi tunavua. Iliniuma na inaniuma mpaka leo. Mwaka huu nataka safari ipangwe kwa ajili yao kwanza. Kuna Mzungu nafanya naye kazi ana shamba, kasema nije na watu wangu msimu wa kulungu. Naanzia wapi? Vibali vikoje, na mtu wa kiti anafikaje porini?

Baba_Jeri:
Hongera sana mdogo wangu. Nawinda huku mwaka wa nane sasa. Wisconsin wana msimu wa walemavu peke yao, siku 9, kwenye Oktoba mwanzoni, kabla ya ule mkubwa wa Novemba ambao pori linajaa watu. Ila kwanza kibali cha ulemavu, fomu inajazwa na daktari wake halafu inaenda idara ya maliasili ya jimbo, wenyewe wanaiita DNR. Viko vya A, B, C na D, hiyo C ni ya wenye shida ya macho, na mwenye A anaruhusiwa kupiga akiwa ndani ya gari lililosimama. Rafiki yako naye lazima aandikishe shamba kabla ya Juni, ekari zisipungue 60, na majina yenu yamfikie kabla ya Septemba. Hapo ndipo wengi wanakwama, wanakumbuka majani yameshaanza kupukutika.

Leseni ya kulungu inakatwa vilevile, kibali hakiifuti. Aliyezaliwa kuanzia 1973 awe amesoma kozi ya usalama, asipokuwa nayo awinde na msimamizi aliyekaa karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Nguo za juu rangi ya chungwa kali au pinki kali. Mkipata mnyama msajilini kabla ya saa 11 jioni ya kesho yake.

NesiMamaNeema:
Kaka na mimi nisikilize kwenye baridi. Mtu aliyeumia uti wa mgongo miguu haisikii, sasa kuna vile vifuko vya kupasha joto watu wanaweka kwenye soksi, USIMWEKEE. Nimeshamvua mtu kiatu nikakuta lengelenge kisigino kizima, limejaa maji kama yai, na yeye anacheka anaongea hana habari. Ule mto wa kiti wa kuzuia vidonda msiuache nyumbani eti utachafuka, na mtu asikae asubuhi nzima bila kuinuliwa makalio kidogo kidogo. Choo pangeni mapema, mtu mzima asije akaacha kunywa maji siku nzima kwa kuogopa kuomba msaada.

SalumWaPwani:
Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hiyo bunduki siijui, ila mwanangu anatumia kiti na shamba letu ni tope tupu. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanazama. Chukua vipande viwili vya plaiwudi, anapita juu ya kimoja, unaokota cha nyuma unaleta mbele, hivyo hivyo mpaka anafika. Na kama kuna Muislamu kati yao aseme Bismillahi kabla hajafyatua, mkimkuta mnyama ana uhai bado achinjwe hapo hapo.

Zawadi_B:
Samahani, umewauliza wenyewe? Baba yangu alikimbia vita Uvira, Kongo, fataki za sikukuu ya uhuru wa Marekani, Julai 4, zikianza anaingia chini ya kitanda. Kaka yako anapenda, sawa, na hao watatu je? Mlio wa bunduki si kitu kidogo kwa watu wetu.

MtotoWaFizi:
Dada Zawadi asante, kweli nilikuwa nimemuuliza kaka peke yake. Jana nimezunguka kwa wote. Mmoja hataki kabisa kusikia bunduki, nikamwomba radhi. Mama mmoja anasema hapigi lakini anakuja, atakaa kwenye moto na nyama ataikata yeye. Wa nne anataka sana ila mikono inamtetemeka.

Baba_Jeri:
Huyo kuna stendi inafungwa kwenye kiti inashika bunduki, yeye analenga tu. Kuna hadi ya kufyatua kwa kupuliza mrija, kwa wasio na mikono kabisa. Mpeleke kwanza uwanja wa shabaha siku isiyo na watu.

MtotoWaFizi:
Sawa mkubwa. Rafiki yangu anasema ekari anazo 80, wiki hii anaandikisha. Daktari wa kaka ni Jumanne. Nilipomwambia yote haya kaka aliuliza kitu kimoja tu, kisu atapewa au aje na chake, na sasa hivi naandika namsikia jikoni ananoa.