Mjadala: Muziki wa jadi wa Kituruki, noti au goti la mwalimu?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja nikijua nitazomewa. Ukitajwa muziki wa jadi wa Uturuki, sifa zote huenda kwa meshki. Mwalimu anaimba kipande, mwanafunzi aliyeketi mbele yake anakirudia huku akipiga usuli, yaani mapigo ya wimbo, kwa viganja magotini, kulia na kushoto, mpaka wimbo umkae kichwani. Karatasi ni ya maneno tu. Sasa kuna wanaotaka vyuo virudi huko, noti ziwekwe kando. Napinga.

Njia za kuandika muziki zilikuwapo zamani. Ali Ufki, Mpolandi aliyetekwa na kuishia ikulu ya Istanbul, aliandika nyimbo kwa noti za Kizungu katika karne ya 17. Dimitrie Cantemir akaja na mfumo wa herufi karibu na 1700, na Hamparsum Limonciyan, Muarmenia wa Istanbul, akatunga alama zake mwanzoni mwa karne ya 19. Mabwana wengi wa muziki waliendelea kutegemea kifua. Leo tunayo madaftari yamejaa maneno ya nyimbo za enzi hizo, na nyimbo chungu nzima hakuna ajuaye ziliimbwaje. Huo ndio urithi mnaotaka turudie?

Nai Kavu

Mkuu, umezungumzia nyimbo zilizopotea, hukugusa zilizoharibika. Katika nadharia ya Kituruki sauti moja kamili hugawanywa koma tisa, yaani vipande vidogo tisa. Noti zinazotumika vyuoni zinaandika segah, sauti mojawapo ya ngazi, katika maqamu (mtindo wa ngazi ya sauti) ya Ushaki sawasawa na segah ya maqamu ya Rast. Anayejua Ushaki haipigi hivyo. Anaishusha, na wimbo ukiwa unateremka anaishusha zaidi. Kiasi gani? Hakuna alama itakayokwambia, unasikia kwa mwalimu, unakosea, anakurudisha. Mpe aliyesoma karatasi tu apige Ushaki, wazee watakunja uso kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Halafu hizo noti unazozitetea zilitoka wapi? Mtunzi Zekai Dede alifundishwa na Dede Efendi mwenyewe, bwana mkubwa wa utunzi aliyefariki 1846. Wanafunzi wa Zekai Dede ni pamoja na mwanawe Ahmed Irsoy na Rauf Yekta, na hao wawili walikuwa katika kamati iliyokusanya na kuchapisha nyimbo za zamani kuanzia 1926. Walichota vifuani mwa watu. Bila meshki kamati ingekaa mezani na kalamu kavu.

Mleta mada

Na bila kalamu, Irsoy angekufa nazo. Rauf Yekta unayemtaja alifunzwa goti kwa goti, kisha akatumia maisha yake kuandika. Yeye hakuona ugomvi hapo.

Mpenda Santuri

Mnawasakama wazee tu, serikali mmeiacha. 1925 sheria ilifunga tekke zote, yaani nyumba za masufi, zikiwemo za tarika ya Mevlevi, ambako nai (filimbi ya mwanzi) na ayini (nyimbo ndefu za ibada yao) zilifundishwa kizazi kwa kizazi. 1926 mafunzo ya muziki wa Kituruki yakaondolewa Darülelhan, chuo cha muziki cha Istanbul. Mwishoni mwa 1934 redio ikakatazwa kuupiga, hadi 1936. Chuo cha serikali cha muziki wa Kituruki kilisubiriwa hadi miaka ya 1970. Mlolongo ukikatwa kwa amri namna hiyo, kuulaumu ufundishaji ni kumwonea marehemu.

Na kuna mwalimu wa tatu mmemsahau. Tanburi Cemil Bey, mpigaji mashuhuri wa ala ya tanbur, alifariki 1916 akaacha santuri za gramafoni. Wapigaji waliozaliwa baada yake wamejifunza kwa kuzirudia na kuzirudia. Hiyo ni noti au goti?

Binti Mkunazini

Asalaam aleikum. Hili linatuhusu Unguja zaidi ya mnavyodhani. Bashraf zinazopigwa na vikundi vyetu vya taarabu ni peşrev za Kituruki, vipande vya ala vya kufungulia, zilizopitia Misri, kule Sultani Barghash alikomtuma Mohamed bin Ibrahim akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi. Kikundi chetu cha Ikhwani Safaa ni cha 1905, na bashraf hizo zimerithishwa miaka mingi kwa masikio. Zimebadilika? Ndiyo. Mturuki akizisikia huenda akacheka, na acheke. Sisi tumezipata hai. Mleta mada anaposema nyimbo zimepotea, anapima kwa kipimo cha makumbusho.

Mleta mada

Dada, ninyi mna bashraf hai kwa sababu kuna waliozipiga kila wiki mbele ya watu. Wimbo usiopigwa hauna bahati hiyo. Mwalimu akifa kabla ya mwanafunzi kuufikia, ndio kwaheri, haukupata hata nafasi ya kubadilika.

Nai Kavu

Basi tukubaliane hivi: mwaka wa kwanza na wa pili chuoni pasiwe na karatasi kwenye somo la maqamu, na kila kikao kirekodiwe.

Mpenda Santuri

Kirekodiwe kiwe cha nani? Cha chuo, cha mwalimu, au kipandishwe mtandaoni kila mtu akipate? Mabwana wa zamani hawakuwa na desturi ya kuwatoza wanafunzi ada, lakini walichagua nani wamfundishe na nani asubiri. Ukiweka kinasa sauti mezani umewanyang'anya uchaguzi huo. Wengine watakuimbia zile nyepesi tu.

Binti Mkunazini

Na wanyang'anywe, ni haki. Kijana wa Diyarbakır asiye na nauli ya kwenda Istanbul atakwambia uchaguzi huo ulikuwa ukiwaacha nje watu kama yeye.

Nai Kavu

Huyo kijana nampa rekodi zote leo hii. Akishazisikiliza, nani atamwambia segah yake iko juu?

Mleta mada

Atamtumia mwalimu sauti yake kwa simu, mwalimu amrudishie akiwa amemkosoa. Vikao vya ana kwa ana viwekwe kwa waliofika hatua ya ayini. Anayepinga alete hoja, lakini aseme kwanza mshahara wa huyo mwalimu wa meshki asiye na shahada utatoka fungu gani.