Bango la 12 Februari, kumbukumbu ya meli Khedive Ismail: maneno yafungwe LEO

Bi Zuhura: Asalaam aleikum. Mchapishaji afunga saa tatu usiku. Nimeandika hivi, mwenye la kurekebisha aseme sasa: "HMS Petard, manowari iliyosindikiza msafara KR 8 kutoka Kilindini hadi Colombo, Februari 1944. Ilizamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani."

Bi Zuhura: Naona tiki za buluu tu. Hakuna mwenye mdomo?

Juma: Ongeza U-559, ile nyambizi ya Wajerumani, Oktoba 30, 1942. Fasson na Grazier, mabaharia wa Petard, waliingia ndani inazama, wakatoa vitabu vya siri, wakaenda nayo chini. Tommy Brown wa kantini, miaka 16, ndiye aliyepona. Waingereza walikuwa miezi 9 hawasomi ujumbe wa siri wa nyambizi za Atlantiki.

Bi Zuhura: Juma, ni bango, si gazeti.

Mwanaidi: Na mabomu? Yamerukwa tena kama mwaka juzi?

Juma: Dada, tusianze.

Mwanaidi: Naanza. Khedive Ismail, meli ya abiria ya msafara ule, ilikula torpido mbili, ikazama chini ya dakika mbili. Walipanda 1,511, wakapona 214. Watu wangali wanaogelea, I-27, nyambizi ya Japani iliyoipiga, imejificha chini yao, Petard ikapita ikiangusha mabomu ya kina. Bomu lile halihitaji kukugusa. Maji hayabonyei, mshindo waenda moja kwa moja mapafuni na matumboni.

Ami Salim: Egan, nahodha wa Petard, angefanyaje? Kuna meli nne nyingine zimejaa watu. Na sona, chombo cha kusaka nyambizi kwa sauti, hupoteza nyambizi ukiikaribia sana, mwisho waangusha kwa kukisia. Ukingoja waogeleaji watolewe, imeshateleza.

Hamisi: I-27 ikaibuka. Mizinga ya inchi 4 ikaipiga, ganda likakataa. Paladin, manowari ya pili, ikataka kuigonga kwa omo, ikakatazwa, kupinda ikachanwa tumbo na bawa la nyambizi. Ikabidi torpido za Petard. Sita zikakosa, ya saba ndiyo.

Kibwana: Sita nje moja ndani 😂 penalti za mtaa wetu hizo

Sele: Na wewe ndiye ulozipiga 😂😂

Bi Zuhura: Vijana! Saa mbili na nusu hii!

Bi Rukia: Mchango wa mwaka juzi uliishia wapi?

Bi Zuhura: Hesabu nilituma humu Bi Rukia.

Bi Rukia: Ulituma picha ya giza.

Hamisi: Picha ya Petard iwe yenye namba yake ya vita, G56, ubavuni. Msiweke ya baada ya vita, ilishajengwa upya ikawa frigeti.

Babu: Nimesoma yote. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996. Mwaanza na manowari. Wao wako mstari wa ngapi?

Bi Zuhura: Shikamoo Babu. Naanza nao.

Babu: Marahaba. Na la mabomu liandikwe, herufi zile zile.

Ami Salim: Sawa, Babu.

Mwanaidi: Wanawake 77 walokufa pia. Wengi wauguzi.

Bi Zuhura: Nina mistari tisa tu jamani. Juma, U-559 nusu mstari.

Juma: Nusu??

Fatma: Ndo naingia. Bango gani?

Bi Zuhura: Mchapishaji kaongeza hadi kesho saa nne. Nani apeleka flashi Mwembe Tayari?

Kibwana: Mimi niko Mtwapa

Bi Zuhura: Sele?