Kumfundisha kijana anayesoma nyumbani kusimamia fedha: nianzie wapi?

mzazi_wa_sakina (Arusha)

Habari wanajukwaa. Nina vijana wawili wanaosomea nyumbani, mmoja miaka 13, mwingine 16. Mkubwa anajiandaa na QT (mtihani wa maarifa). Riba na asilimia anazikokotoa vizuri kwenye daftari, ila ukimpa 10,000 asubuhi, jioni hajui imeishia wapi. Nataka somo la fedha liingie kwenye ratiba ya wiki, lisibaki mawaidha ya mezani. Wapewe kiasi gani, na kwa utaratibu upi? Walipwe kwa kazi za nyumbani? Na simu tuifanyeje, maana siku hizi fedha yote inapitia humo?

daftari_moshi

Mzazi mwenzangu, kiasi kitakuja chenyewe ukianza na majukumu. Fedha isiyo na kazi inageuka ya soda, na ikiisha hakuna kinachoharibika, kwa hiyo hakuna cha kujifunza. Chukua matumizi ambayo tayari unawalipia: bando, nauli ya tuisheni, sabuni na mafuta, madaftari, viatu. Jumlisha ya miezi mitatu, gawa kwa tatu, mkabidhi. Bajeti ya nyumba haiongezeki hata shilingi.

Wa miaka 13 apewe kila wiki, na asimamie vitu viwili tu, mfano bando na nauli. Wa 16 apewe kwa mwezi, tarehe ileile, na viatu viwemo. Viatu navisisitiza kwa sababu havinunuliwi kila mwezi: inabidi atenge leo kwa ajili ya kitu kisichomuuma leo. Hapo ndipo wengi tunapoangukia, wakubwa kwa wadogo.

Daftari la kawaida linatosha, safu tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, baki. Jumapili jioni ahesabu taslimu na salio la simu, alinganishe na baki. Isipolingana, asibuni matumizi ili hesabu ikae sawa. Aandike "haijulikani" na kiasi chake. Mstari huo ukijirudia wiki tatu mfululizo, kaeni mtafute chanzo. Mara nyingi ni makato ya simu ambayo hayakuandikwa, au vitu vya mia mbili mia mbili vya njiani.

Kinachoharibu mpango ni mzazi kufidia. Bando likiisha tarehe 19, likae limeisha. Kabla ya kuanza, kubalianeni kwa maandishi vitu ambavyo vitabaki mikononi mwako hata iweje: chakula, dawa, ada ya mtihani na nauli ya kwenda kuufanya. Vingine vyote ni vyake. Na jambo hili wazazi hatupendi kulisikia: ukichukua 5,000 yake ununue Luku, iandikwe kwenye daftari lake kama deni lako, na uilipe siku uliyosema. Mtoto anayekopwa na wazazi bila kurudishiwa anajifunza kutumia haraka kabla hajaombwa.

Zoezi la sokoni: mkubwa aende Tengeru Jumatano au Jumamosi (kwa sisi wa Moshi, Mbuyuni) anunue maharage sado moja. Nyumbani ayapime kwenye mizani, agawe bei kwa kilo alizopata, alinganishe na bei ya kilo dukani. Wiki inayofuata anunue kwa muuzaji mwingine. Sado iliyobonyea kitako na sado iliyojazwa hadi kichuguu hazitoi kilo sawa, hata kama bei ni moja.

salio_safi

Nijibu la simu. Laini anayotumia kijana wa chini ya miaka 18 inapaswa kuwa imesajiliwa kwako, kwa hiyo deni lolote la laini hiyo ni lako. Piga *106# mara kwa mara uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako.

Somo la kwanza liwe makato. Chukua jedwali la gharama la mtandao wenu. Aandike gharama ya kutoa 10,000 mara tano, kisha gharama ya kutoa 50,000 mara moja, kisha gharama ya kulipa dukani kwa Lipa Namba bila kutoa kabisa. Makato yaandikwe mstari wake kwenye daftari, yasimezwe ndani ya bei ya kitu. Akifanya hivyo mwezi mzima, jumla ya makato atakayoiona itamfundisha kuliko maneno yako.

Somo la pili ni mikopo ya haraka. Mpe swali hili: umekopa 20,000, unarudisha 22,000 baada ya siku 14. Vijana wengi watasema riba ni asilimia 10, ni ndogo. Waulize mwaka una vipindi vingapi vya siku 14. Ni 26. Ukikopa na kulipa hivyo mwaka mzima, riba ni 52,000 kwa mkopo wa 20,000, yaani asilimia 260. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yasiyo na kibali. Afundishwe kuuliza leseni kabla ya kuuliza kiwango.

Wa miaka 16 mpeleke hatua moja mbele. Mkopo wa 600,000, miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote kila mwezi, ni 18,000 mara 12, jumla 216,000. Ikipigwa kwenye deni linalobaki, huku akipunguza 50,000 kila mwezi, jumla ni 117,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 99,000. Swali la kumuuliza mkopeshaji ni moja: riba inapigwa kwenye nini?

Utapeli: ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibiwe. Upelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja.

mzazi_wa_sakina

Asanteni sana, nimeshaanza kupiga jumla ya miezi mitatu. Mkubwa anaomba mtaji wa kuku 20 wa mayai nyuma ya nyumba. Ni somo zuri au ni mzigo?

banda_na_hesabu

Ni somo zuri sana, ila hesabu itangulie banda. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 20 ni kilo 2.4, hivyo mfuko wa kilo 50 unakwisha ndani ya siku 20 hivi. Wakitaga kwa asilimia 75, ni mayai 15 kwa siku, trei moja kila siku mbili. Mfuko mmoja unatoa trei 10. Tuseme mfuko ni 60,000 (aulize bei ya siku hiyo dukani): kila trei imebeba 6,000 ya chakula peke yake, kabla ya chanjo, maranda na umeme.

Wengi hukwama kabla ya yai la kwanza. Kifaranga haanzi kutaga hadi wiki ya 18 hadi 20, na mpaka hapo amekula kilo 6 hadi 7. Kwa kuku 20 ni karibu mifuko mitatu ambayo haijarudisha hata senti. Hiyo ni sehemu ya mtaji. Asipoitenga, wiki ya 12 ataanza kupunguza chakula, na kuku watachelewa kutaga.

Mayai yanayoliwa nyumbani yaandikwe kama yameuzwa kwa mama, kwa bei ya jumla, na mama alipe. La sivyo biashara itaonekana ya hasara na kijana hataelewa kwa nini.

daftari_moshi

Swali la kulipwa kwa kazi limebaki. Kuosha vyombo na kufagia uwanja asilipwe, ni nyumba yake. Kazi ambayo ungemlipa mtu wa nje, kama kufyeka au kupaka banda rangi, alipwe kwa bei ya mtaani, baada ya kukagua.

Wa 16 umwongezee zoezi la mshahara. Mshahara 600,000. Ondoa NSSF (mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, yaani 60,000, inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. 270,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. 20,000 inayobaki ni asilimia 20, sawa na 4,000. Kodi ni 24,000, mkononi 516,000. Kisha apange kwa fedha hiyo chumba, chakula na nauli za mwezi hapo Arusha, kwa bei alizouliza mwenyewe mtaani.