Nyumba jirani na mkuza wa umeme: serikali izuie watu kujenga, au tunaogopa kivuli?

Mwana wa Shangani: Wakuu, nimepata kiwanja bei ya kutupa, kando ya mkuza (ile njia inayoachwa wazi chini ya nyaya kubwa) wa kilovolti 132 unaokwenda Mahumbika, Lindi. Mama mkwe amegoma, anasema mjukuu wake atapata saratani ya damu. Mtoto ana miaka miwili. Kama ni kweli, mbona watu wanaachwa wajenge? Si wapige marufuku mita mia tatu kila upande tujue moja?

Babu Msafa: Mama mkwe ana akili kukushinda. WHO walishatamka tangu 2002 kwamba waya unaleta saratani ya damu kwa watoto. Wazungu wanajua, sisi tunauziwa viwanja.

Fundi Luku: Shikamoo babu, lakini hawakutamka hivyo. Ni taasisi yao ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, na usumaku wa umeme waliuweka kundi 2B, yaani "huenda". Kundi hilohilo zimo achari za mboga za huko Asia. Takwimu za nchi kadhaa zilizounganishwa mwaka 2000 zilionesha kuwa watoto wa nyumba zenye wastani wa mikrotesla (kipimo cha usumaku) 0.4 na kuendelea waliugua saratani ya damu karibu mara mbili ya wengine. Ila watoto wanaoishi nyumba hizo hawakufika hata mmoja katika mia, na ugonjwa wenyewe huko kwao ni kama watoto wanne kwa laki moja kwa mwaka. Halafu usumaku unafuata mkondo, yaani mzigo uliopo kwenye waya, sio msongo, yaani hizo kilovolti. Ukuta hauuzuii, umbali ndio dawa. Nyie mnaopuliza unga wa salfa kwenye mikorosho iliyozunguka nyumba, mtoto anaamka na unga kwenye kope, leo ndio mnaogopa waya?

Mama Tandahimba: Hapo kwenye salfa umenigusa pabaya. Nani anapuliza mtoto akiwa nje? Tunaamka alfajiri upepo umelala, milango imefungwa. Bila salfa ubwiri unga, ule ukungu mweupe, unamaliza maua yote ya mikorosho, na ada za watoto ndio hizo. Wewe ufundi umesomeshwa na nini kama si korosho?

Fundi Luku: Dada, nimetoa mfano tu.

Mama Tandahimba: Mfano wa kutuita wachafu.

Kijana Mikindani: Mimi nimekulia kwenye salfa na nina mapafu kama ng'ombe. Bibi alikuwa akitupaka hiyohiyo salfa kutibu upele.

Babu Msafa: Upele na mapafu ni vitu viwili, kijana. Macho yangu haya yaliharibiwa na bomba la kupulizia, kitambaa usoni tulikuwa hatuna.

Mama Tandahimba: Ahsante babu. Basi semeni wakulima wapewe miwani na barakoa, msituseme sisi.

Mwalimu wa Ndanda: Turudi kwenye waya kidogo. Uingereza mwaka 2005 walichapisha utafiti uliolinganisha umbali wa njia kubwa za umeme na nyumba alikozaliwa mtoto. Walio ndani ya mita 200 hatari ya saratani ya damu ilizidi kwa kama asilimia 70. Lakini ilizidi kidogo hata mita 200 hadi 600, na huko usumaku wa waya umeshafifia kabisa. Sasa ni usumaku, au ni aina ya watu wanaoishi huko? Walipoongeza miaka baadaye, kwa waliozaliwa kuanzia miaka ya 1980 tofauti ikapotea. Waya ni uleule. Mimi hapo ndipo nilipoacha kuogopa.

Babu Msafa: Miaka ya 1980 ndio lini, mwalimu? Kule Denver, Marekani, walishaona 1979 kwamba watoto wa karibu na waya wanaugua saratani zaidi!

Mwalimu wa Ndanda: Denver walizunguka wakitazama waya za nje ya nyumba, mzee wangu. Kupima usumaku ndani ya nyumba hawakupima.

Babu Msafa: Haya. Na 2013, kwenye lile bomba la gesi ya Mtwara kwenda Dar, tuliambiwa tutulie, gesi ina faida kwetu. Msituambie tena tutulie.

Kijana Mikindani: Babu, gesi imeingiaje humu?

Babu Msafa: Umeme wa Mtwara unatokana na nini?

Fundi Luku: Hapo babu kanishinda. Mwana wa Shangani, usijenge ndani ya mkuza, hiyo ni sheria, na waya ukikatika haukuulizi jina. Nje ya mkuza, hofu yangu kwa mtoto wa miaka miwili ni mbu. Mita mia tatu kila upande utahamisha vijiji vizima, na fidia nani analipa?

Mwana wa Shangani: Mama mkwe nimemsomea. Anauliza huyo mwalimu ana watoto wangapi.

Mama Tandahimba: Na mimi nauliza, salfa ya msimu huu imeshafika AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya nani? Kwetu bado.