Laptopu ya milioni tatu au ya laki saba na nusu?

Picha_Njiro:
Wakuu, heshima kwenu. Napiga picha na video za wageni, nakaa Njiro hapa Arusha. Siku nyingi nipo Tarangire au Manyara, na kazi naihariri usiku kambini. Nimedunduliza tangu msimu wa Julai. Dukani kuna MacBook Air mpya ya Apple, milioni tatu na ushee. Kuna jamaa ana ThinkPad T480 ya mtumba kwa laki saba na nusu. Mke wangu anasema tofauti hiyo ni ng'ombe wa maziwa na chenji inabaki. Nimekosa jibu la kumpa. Nisaidieni.

Mzee_wa_Sakina:
Nunua ng'ombe. Lile tunda lililong'atwa halitoi maziwa.

Fundi_Ngarenaro:
Mkuu, mwaka wa 11 huu nafungua laptopu za watu, kwa hiyo najibu kwa nilichokiona chini ya bisibisi.

Mashine za watu wa utalii zinauliwa na vumbi. Iliyokaa msimu mmoja ndani ya Land Cruiser nikiifungua, feni imevaa blanketi. Inachemka, inajipunguzia mwendo, mwenyewe anasema imezeeka. Sasa MacBook Air tangu ile ya chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni kabisa. Hakuna kinachovuta vumbi kuliingiza ndani. Ukiipa video ndefu itapata moto na kupunguza kasi kidogo, ila itamaliza. Kwa mtu wa Manyara hiyo ndiyo faida ya kulipia, na wauzaji wala hawaisemi.

Ubaya wake: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imeshikana na chipu, hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho.

T480 ni kinyume chake. Ina nafasi mbili za RAM, unafika GB 32. Betri mbili, moja ndani, moja nyuma unaichomoa na kupachika nyingine huku mashine inawaka. Kibodi yake naibadilisha nikipiga soga. Na usiidharau kwa bei: ilipotoka 2018 ilikuwa mashine ya makampuni, walilipa hela ndefu. Ni kompyuta ghali pia, ila aliyeumia ni mtu mwingine. (Usiuziwe T470 kwa kuwa zinafanana. Prosesa zake hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulifikia mwisho Oktoba 2025.)

Ila skrini za T480 nyingi zimepauka, na wewe unauza rangi. Mgeni akiona machweo yake yamekuwa kijivu hakulipi.

Mimi ningeacha mpya. Tafuta Air ya M1 ya mtumba yenye RAM GB 16, utaokoa zaidi ya milioni. Ya GB 8 iache, video zitakutesa.

Mama_Ketu_Moshi:
Mimi niliingia kichwa kichwa, nikanunua ghali kwa ajili ya mahesabu ya duka langu la vifaa vya ujenzi, kazi ambayo hata mashine ya laki nne inaiweza. Mwanangu akamwagia chai ya maziwa. Mafundi wawili hapa Majengo wakaniambia bodi imekufa, na data imekwenda nayo. Kaka, chochote utakachonunua, tenga na hela ya diski ya nje.

Fundi_Ngarenaro:
Pole dada. Kweli kabisa. Picha za mgeni ziwe sehemu mbili kabla hujafuta kadi.

Picha_Njiro:
Asanteni sana. Nimeona M1 ya GB 16 mjini, milioni moja na laki saba. Nikague nini kabla ya kulipa?

Fundi_Ngarenaro:
Ifute yote mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti, iwashe upya. Ikidai akaunti ya mtu au ikitaja kampuni fulani, mrudishie, hata akishusha bei hadi laki tatu. Halafu angalia betri imechajiwa mara ngapi. Ikishapita 1,000, hesabu na gharama ya betri mpya. Au ilete Jumamosi nikukagulie, ila uwahi kabla ya saa nne. Baada ya hapo nina printa za shule mbili.

Mzee_wa_Sakina:
Na ng'ombe je?

Picha_Njiro:
Chenji imebaki, mzee wangu. Mama watoto ameshaanza kuulizia mtamba Tengeru.